Mashine ya Qais Iko Wapi

Muheza, Ijumaa 11 Julai 2025

Dada yangu Bi Muzna,

Shikamoo. Sisi wazima, machungwa yanashuka vizuri, na wanunuzi wa mwaka huu ni wajanja kama wa mwaka jana. Nimepasua chungwa moja la kila gunia mbele ya macho yao, wasije wakasema nimewauzia makavu.

Nakuandikia kwa mkono na sikupigii simu, sababu unaijua. Ukizungumza kwenye simu wewe, mtaa mzima unapata habari, na huku kwangu binti yangu Nada yuko chumba cha pili. Sitaki asikie ninachokuomba.

Posa imekuja. Jirani yako Bi Khadija amemposea mwanawe Qais. Anasema alimwona Nada kwenye harusi ya Pongwe, akapenda adabu zake. Ukoo wao naujua, wazee wake na wazee wetu walikuwa wakizikana. Kijana mwenyewe simjui. Wewe umepakana nao ukuta kwa ukuta, na kwa desturi yetu kuulizia ni kazi ya shangazi. Basi ulizia. Tazama anaamka vipi, anakaa na nani, akikasirika anafanya nini.

Rahimu aliyemwoa kwanza nilimkubali bila kumuuliza mtu, kwa kuwa alivaa vizuri na kusalimia vizuri. Akacheza kamari ya simu mpaka akauza kitanda walichokuwa wakilalia, na kila alipoliwa, kosa lilikuwa la Nada. Kaingia chumbani, bahati imekimbia. Kasema neno, bahati imekimbia. Kanyamaza, ndiyo kabisa. Binti yangu alirudi hapa na begi moja na mwaka mzima hakucheka. Sitaki arudi mara ya pili, dada. Afadhali nimkatalie mtu mwema kuliko kumpa mtu mwingine wa namna ile.

Nakungoja.
Ndugu yako, Khalifa

*

Tanga, Jumatano 16 Julai 2025

Khalifa ndugu yangu,

Marahaba. Machungwa yamefika, ila ya chini yamepondeka, na dereva wa basi anaapa yalipondekea kwako.

Qais namjua tangu anavaa kaptula. Mrefu, mkimya, karani kwa wakala wa forodha pale bandarini. Akinikuta na kikapu hukipokea bila kuambiwa. Sijamsikia hata siku moja akimpandishia mama yake sauti. Ningekuandikia hapo hapo ukubali, nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Lakini ulisema nichunguze, nami nimechunguza, na sasa roho yangu haijatulia.

Dirisha la chumba chake linatazama uani kwangu. Kila siku akitoka kusali alfajiri, anajifungia ndani na kuanza kuongea. Mwanzo nilidhani anasoma. Juzi naanika nguo, nikamsikia kwa masikio yangu haya: "Mlango wa nyuma hauna komeo. Wewe ingia kwanza, yule mlinzi niachie mimi." Khalifa, kanga yangu ilianguka kwenye tope. Nikajibanza nyuma ya kamba. Akaendelea: "Ghala limejaa. Tubebe tunachoweza, tutoke kabla hawajafunga lango."

Karani wa bandari, mwenye kujua maghala yote na zamu za walinzi wake, anasema maneno hayo alfajiri, mlango umefungwa. Saa mbili anatoka, kanyoosha shati, ananiambia, "Shikamoo Bi Muzna, umeamkaje?"

Nilitaka kumwambia nimeamka naogopa. Nimeitikia tu.

Nakutumia samaki wa Kigombe, wamekaangwa, usiwaweke juani.
Dada yako, Muzna

*

Muheza, Jumamosi 19 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama, kisha nikakaa.

Mimi nilijua. Watu wasiopandisha sauti mimi huwatilia shaka tangu zamani. Lakini posa si jambo la kukataa kwa maneno yaliyopita dirishani. Bi Khadija ataniuliza sababu, nami nitasema nini, kwamba dada yangu alikuwa anaanika nguo? Ingia ndani. Tafuta kisingizio, hukuwahi kukosa. Tazama kwa macho anafanya nini humo na nani wanaomjibu.

Hapa nyumbani kuna jambo moja la kunipa moyo. Nada ameanza kuamka mapema mwenyewe. Nikitoka kwenda msikitini taa yake inawaka, na nikirudi bado yumo kwenye laptopu yake anapiga hesabu za magunia. Juzi nilimsikia akicheka humo ndani. Nilisimama ukumbini kama mgeni. Sikumbuki lini hesabu za machungwa zilimchekesha mtu, lakini sikumuuliza, niliogopa ataacha.

Ndiyo maana nakuhimiza. Sitaki mwizi aje kuizima sauti ile.
Khalifa

*

Tanga, Ijumaa 25 Julai 2025

Khalifa,

Marahaba. Nimeingia. Nilikwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Yangu nzima, nimeificha chini ya kitanda.

Bi Khadija alikuwa jikoni, akanambia, "Pita tu mwenzangu, yumo chumbani na gemu lake." Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikasukuma.

Si mwizi. Hilo nalitanguliza usije ukapandwa na presha. Mlinzi, ghala na lango vyote vimo kwenye mchezo. Ni mchezo wa askari waliovaa deraya za chuma, wanavamia ngome. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, akanivutia kiti. Ningefurahi nikaondoka, lakini wewe umeniambukiza maradhi yako, nikaanza kutazama vizuri.

Laptopu yake ni nyembamba kama sinia ya kahawa. Mashine za gemu mimi nimeziona pale dukani Ngamiani wanapojaa vijana, ni masanduku mazito yanayounguruma na kutoa joto la jiko. Hii yake haina sauti, nimeigusa, baridi. Na humo ndani mvua inanyesha, moto unawaka, farasi anahema unaona pumzi. Nikamuuliza, kitu kikubwa namna hii kimeingiaje humu? Akasema hakikuingia. Mashine yenyewe iko mbali, kwenye jengo lililojaa mashine za namna hiyo. Akibonyeza hapa, amri inakwenda huko kwa intaneti, askari anaruka huko huko, na picha tu ndiyo inarudi Tanga. Hii laptopu, anasema, ni dirisha.

"Huko wapi?"

"Sijui kwa hakika, Bi Muzna. Wenyewe wanasema Afrika Kusini."

"Umewahi kuiona?"

"Hapana. Nalipia kwa mwezi tu."

Anasema anacheza alfajiri kwa kuwa watu wengi hawajaingia mtandaoni. Ikifika saa mbili picha inakatikakatika na askari wake anaruka ukuta wakati ameshauawa. Hata alfajiri picha inachelewa kidogo, kwa hiyo amejifunza kubonyeza kabla adui hajanyanyua upanga. Nilimtazama, kweli, mkono wake unatangulia jicho.

Sasa hapa ndipo ninaposita kuandika. Ana hedifoni masikioni. Paka wa Bi Khadija alirukia meza, waya ukachomoka, na sauti ikatoka chumba kizima. Sauti ya mwanamke. Ikasema, "Kaa nyuma yangu, Qais, usiwe na haraka." Kijana alibabaika akauchomeka waya kwenye tundu lisilo lake. Nikamuuliza huyo nani. Akasema, "Mwenzangu wa mchezo. Tunamwita Ndimu." Nikamuuliza mtoto wa nani. Akatazama meza, masikio yamekuwa mekundu.

Kila alfajiri, Khalifa, ni huyo huyo.
Muzna

*

Muheza, Jumanne 29 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Umesema si mwizi, nami nasema bora angekuwa mwizi, mwizi anajua anachokwenda kuchukua.

Mimi nikinunua chungwa nalipasua. Huyu analipia kila mwezi mashine asiyowahi kuiona, katika nchi asiyokuwa na hakika nayo, kwa watu asiowajua. Siku wakiizima atamdai nani? Mtu wa hivyo anaamini chochote anachoambiwa kiko upande wa pili wa waya. Rahimu naye alisema ni mchezo tu, nao mchezo wake pia ulikuwa kwenye kioo, na pesa zilikokwenda hakujua. Utanambia hii si kamari. Leo si kamari.

Hayo ningeyameza. Huyu Ndimu simmezi. Mwanamke gani huyo anayeamka alfajiri kuzungumza na kijana wa watu, kila siku ya Mungu? Hana wazazi? Baba yake yuko wapi saa hizo, amelala? Ingekuwa ni binti yangu ningejua siku ya kwanza. Na kijana ana ujasiri wa kuposa kwangu huku ana mtu wa alfajiri. Rahimu alimkosesha binti yangu kitanda, huyu atamkosesha usingizi.

Huku lori liligonga nguzo, Jumamosi na Jumapili zote hatukuwa na umeme. Nada amenuna siku zote mbili, anasema hesabu zimemlalia. Ule mcheko niliokuandikia sikuusikia tena mpaka umeme uliporudi jana.

Barua ya kukataa nimeshaianza. Nitaipeleka ukinithibitishia jambo la huyo mwanamke. Mjue ni nani.
Khalifa

*

Tanga, Ijumaa 1 Agosti 2025

Mwanangu Nada,

Barua hii nimeikunja ndani ya leso, maana najua baba yako hupasua kila kitu isipokuwa nguo za kike. Soma, kisha uichane.

Nitakuuliza jambo moja na sitazunguka. Jumamosi na Jumapili iliyopita, Qais wa Bi Khadija hakucheza. Alfajiri zote mbili alikaa barazani na kikombe cha chai, anatazama njia. Nikamuuliza, leo vipi, mashine imekufa? Akasema, "Mashine nzima, Bi Muzna. Mwenzangu kwao hakuna umeme."

Sikulitilia maanani. Hapa Tanga taa zilikuwa zinawaka. Kisha jana nikapata barua ya baba yako, analalamika kuhusu nguzo ya Muheza na siku hizo hizo mbili. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaacha.

Na ile sauti, "kaa nyuma yangu." Siku ile niliisikia nikajiambia naijua, nikatafuta kichwani kwangu kwa majirani wote, sikuipata. Sikutafuta nyumbani kwetu. Mimi nimekulea miaka mitatu mama yako alipokuwa mgonjwa, Nada. Ulikuwa unawaambia watoto wenzako hivyo hivyo mkivuka barabara.

Ndimu ni wewe?

Baba yako anaandika barua ya kumkataa Qais kwa sababu ya mwanamke huyo. Nijibu haraka, na ukweli mtupu.
Shangazi yako, Muzna

*

Muheza, Jumatatu 4 Agosti 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii iko chini ya machungwa, natumaini hayakuipaka maji.

Ni mimi.

Niliporudi kutoka kwa Rahimu, kila aliyenitazama alitaka kujua nimekosa nini. Wengine waliuliza, wengine waliacha macho yaulize. Nikaona kwenye intaneti unaweza kucheza mchezo mkubwa kwa laptopu hii hii ya hesabu, nikaingia kwenye kundi la Waswahili, wako wa Mombasa, wa Unguja, wa Dar. Wakaniuliza jina. Mezani palikuwa na ndimu. Humo hakuna aliyeniuliza kwa nini niko kwa baba yangu. Waliniuliza kama naweza kulishika lango, na niliweza, Shangazi. Sijui nilipata wapi, lakini niliweza.

Qais alikuwa mchezaji mbovu kuliko wote. Alikuwa anakufa kwenye kila mlango kwa haraka yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kubonyeza kabla. Miezi mingi hatukuzungumza lolote ila milango na panga, na haki ya Mungu sikusema neno ambalo ningelionea haya mbele yako. Baada ya Idd akaniambia, "Sitaki kuendelea kukusikia hivi bila ya wazee kujua. Nambie wewe ni binti wa nani, nimtume mama." Nilidhani akijua mimi ni mtalaka atarudi nyuma. Nikamwambia yote. Kesho yake mama yake alikwenda harusi ya Pongwe makusudi kuja kunitazama. Mimi na Qais hatujaonana kwa macho mpaka leo.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, Baba atamkataa kwa ajili ya mwanamke ambaye ni mimi. Nikisema, Baba atajua kwamba alfajiri yeye akiwa msikitini, ndani ya nyumba yake nilikuwa naongea na mwanamume, na kwamba tulimwachia aamini hadithi ya harusi. Atamkataa vile vile, na mimi hataniamini tena. Qais ameshikilia hatanitaja, hata akikosa.

Mara ya kwanza niliulizwa kuhusu Rahimu nikanyamaza, na kunyamaza kwa mwari kunahesabiwa ndiyo. Safari hii mimi si mwari, sheria yenyewe inataka nitamke kwa ulimi wangu. Nataka kutamka, Shangazi. Naogopa kwamba sitaulizwa.
Mwanao, Nada

*

Tanga, Alhamisi 7 Agosti 2025

Khalifa,

Marahaba. Nimechunguza kama ulivyotaka. Hakuna mwanamke. Ile sauti ni ya mchezo wenyewe, humo watu wa kutengenezwa wanaongea, wanaume kwa wanawake, na Kiswahili wanakijua siku hizi. Ndimu ni jina la askari. Kijana aliona haya kwa kuwa nilimfuma anacheza kama mtoto.

Kwa hiyo barua yako ya kukataa iweke kwanza. Bi Khadija ni mtu mzima, tusimvunjie heshima kwa jambo la paka na waya.

Wasalimie wote.
Muzna

*

Muheza, Jumanne 12 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo. Umeniandikia nusu ukurasa. Wewe hata ukiumwa meno huandiki nusu ukurasa. Hukunitajia machungwa, hukunitajia dereva, hukunitajia nani kaoa nani kaacha. Nikaiweka ile barua yako mezani nikaitazama kama noti ninayoitilia shaka.

Askari wa kutengenezwa anayemwita mtu Qais kwa jina lake na kumwambia asiwe na haraka. Sawa.

Nikazitoa barua zako zote nikazisoma moja baada ya nyingine, na baadaye nikakumbuka zangu nilikuandikia nini. Nilikuandikia kuhusu taa ya alfajiri. Nilikuandikia kuhusu mcheko. Nilikuandikia kuhusu nguzo. Jumatatu ya wiki iliyopita niliona gunia lako la machungwa limefungwa na mtu mwingine, kwa fundo la kike. Niliona, sikusema.

Jumapili nilitoka kwenda msikitini kama kawaida. Nilisali nikarudi haraka, nikavua viatu nje. Nikasimama barazani chini ya mita ya umeme. Dirisha la Nada lilikuwa wazi. Hesabu za machungwa hazisemi "kaa nyuma yangu", dada. Nilisikia mwenyewe. Na nilikuambia kwamba ingekuwa ni binti yangu ningejua siku ya kwanza.

Sikumwita. Sikugonga. Nilinyoosha mkono nikashusha swichi kuu.

Laptopu ina betri, haikuzimika. Kilichozimika ni kile kisanduku cha intaneti. Nikamsikia anaita, "Qais? Qais?" Hakulia, hakutoka. Nilisimama pale gizani na mkono kwenye swichi, nikisubiri hasira inambie la kufanya, na haikunambia. Nikaipandisha. Nikaingia ndani na kuomba chai. Mpaka leo sijamwambia kitu naye hajanambia kitu, tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Sasa nataka unieleze jambo moja. Upande wa pili wa ule waya alikuwepo mtu. Wakati nimeuzima umeme, yeye alifanya nini? Nilimjua Rahimu nilipomwona anapoteza, na nilimwona nimechelewa. Wewe dirisha lake liko uani kwako. Kama ulikuwepo nambie, na kama hukuwepo nambie hukuwepo. Usinidanganye mara ya pili.

Barua ya kukataa iko tayari. Haijatiwa sahihi.
Khalifa

*

Tanga, Alhamisi 14 Agosti 2025

Khalifa ndugu yangu,

Nisamehe ile nusu ukurasa. Nilikudanganya, na uongo sina uzoefu nao, umeona mwenyewe.

Nilikuwepo. Wala sikuwa uani, nilikuwa ndani, kwenye kile kiti. Siku hizi Bi Khadija akipika mahamri ya asubuhi nami naenda, tunakaa wawili tunatazama ngome zinavyovunjwa, usinicheke. Kwa hiyo nitakuandikia nilichokiona na sitaongeza chumvi.

Tangu baada ya Idd wanaitafuta ngome moja iliyoko juu ya mlima. Watu wengi imewashinda. Jumapili ile walifika, wao wawili na wenzao wa Mombasa na Unguja. Nada alikuwa mbele, amelishika lango kuu lisifungwe, wengine waingie. Ukiliachia, linashuka, na ngome imekwenda, mnarudi kuanza chini kabisa.

Ghafla yule askari wake akaganda. Upanga juu, hasogei. Wale wengine wakapiga kelele, nilizisikia mpaka nje ya hedifoni, "Ndimu kakatika, ingia Qais, ingia, lango linashuka!" Qais alikuwa kizingitini. Hatua moja angekuwa ndani. Wenzake waliingia wote.

Yeye aligeuka. Akarudi akasimama mbele ya yule askari aliyeganda, akanyanyua ngao. Akasema, "Kwao umeme umekatika. Nyie nendeni, mimi sisogei." Adui wakamjia kwa wingi, na wewe ulivyoshikilia swichi yako muda wote ule, Khalifa, walimpiga mpaka hakubakiwa na kitu. Lango likashuka. Wale wa ndani wakashindwa bila wao wawili, wakamtukana maneno ambayo Bi Khadija alijifanya hayasikii. Hakumjibu hata mmoja. Alikaa mkono uko pale pale, anatazama kioo, chai yake ikaota utando.

Umeme wako ukarudi. Nikamsikia anauliza, "Uko salama?" Basi. Kisha akasema, "Leo yametosha, kapumzike." Neno la ngome hakulitaja.

Mimi sikuvumilia. Nikamwambia, mwanangu, umeipoteza kazi ya miezi, mbona humwambii? Akavua hedifoni, akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. Akasema, "Nimwambie ili iweje, Bi Muzna? Umeme si kosa lake."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Mashine iko wapi sijui, naye hajui. Kijana yuko hapa, na nimemwona anavyopoteza.

Nada na yeye wamekosea kukuficha, nami nimekosea kuwasaidia, na ukitaka kugomba njoo unigombe mimi, nauli nitalipa. Ila kabla hujatia sahihi, muulize binti yako. Anasubiri kuulizwa.
Dada yako, Muzna

*

Muheza, Jumatatu 18 Agosti 2025

Dada yangu Bi Muzna,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo tangu Ijumaa. Nimeisoma msikitini, nimeisoma shambani, mnunuzi wa Dar amenipunja mzani mbele ya macho yangu na sikumwona.

Jana nilimwita Nada. Nilimwambia swichi niliishusha mimi. Nilidhani atalia, akaniuliza, "Kwa hiyo hakukuwa na hitilafu?" Nikamwambia hitilafu ilikuwa mimi. Nilimgomba pia, usidhani sikumgomba. Nilimwambia nyumba yangu si ya kufichana, naye akainamisha kichwa akaomba radhi, na nadhani mke wa imamu kule mtaa wa pili alisikia kila kitu bila ya simu yako.

Kisha nikamuuliza kama inavyotakiwa, mbele ya mashahidi wawili wa msikitini, Qais unamtaka au humtaki. Nilikuwa nimejiandaa kusubiri. Alitamka kabla sijamaliza swali. Amezoea kubonyeza kabla, nadhani.

Waje Ijumaa baada ya Alasiri. Barua ya kukataa nimeichana. Mpaka siku ya nikaha, mchezo Nada auchezee ukumbini, mlango wazi, nami nikiwa kwenye kiti changu. Kuhusu ile mashine bado sijaridhika, nitamuuliza mwenyewe iko nchi gani, na asinambie "wanasema".

Na mfikishie neno moja kabla hajafika, maana mbele ya watu sitaweza kulisema. Mwambie umeme haukukatika, ulikatwa na baba yake Nada. Nada ananiambia ile ngome inaweza kujaribiwa tena, wakipata alfajiri moja yenye utulivu. Basi wachague siku. Nitasali mapema, nitarudi, na nitasimama barazani chini ya ile swichi mpaka wamalize, asiiguse mtu.

Ndugu yako,
Khalifa